Tanuri la jua la kukaushia mbao, Tanga: shajara ya karakana

8 Juni 2024

Asubuhi imeingia picha kutoka Dodoma. Meza ya mtiki ya watu wanane tuliyoipeleka mwezi wa tatu imepasuka katikati. Mteja hakuandika neno. Alichofanya ni kuisimamisha sarafu ya shilingi mia ndani ya ufa, akapiga picha.

Nikampigia simu. "Kaka, mliniuzia mbao mbichi," akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Nikamwambia mbao ile ilikaa bandani kwetu mwaka na miezi miwili, imepangwa vizuri, haijanyeshewa hata siku moja. Ni kweli tupu. Lakini na yeye sarafu yake imesimama, ubishi utatoka wapi.

Kwa hiyo naanza shajara hii. Karakana yetu iko Ngamiani, bahari unaisikia harufu yake. Wateja wanaolipa vizuri wako Dodoma siku hizi. Nataka kujua mbao inabeba maji kiasi gani ikiwa hapa, itabeba kiasi gani ikifika kule, na nifanye nini katikati. Gharama na makosa nitayaandika yote, maana seremala yeyote wa pwani anayeuza bara atakutana na sarafu hii.

15 Juni

Kupima maji ndani ya mbao si kazi ngumu. Unakata kipande, unakipima uzito, unakikausha kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha unapima upya. Kilichopungua ndiyo maji. Nimenunua mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa shilingi 45,000. Oveni ni ya mke wangu, ya kuokea keki za biashara, na ruhusa nimeipata kwa masharti.

Kosa la kwanza: niliamini kitasa cha oveni. Nilikiweka kwenye 100, baada ya saa tatu jiko zima linanuka kama tanuri la mkaa na vipande vimebadilika rangi. Nilipoingiza kipimajoto, ndani mlikuwa na nyuzi 131. Mbao ikifika huko haipotezi maji peke yake, inaanza kujipoteza yenyewe, na hesabu inaharibika. Vipande sita nimevitupa. Sasa kipimajoto kinakaa ndani muda wote, na kitasa kinasimama mahali ambapo hapajaandikwa namba yoyote.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Kipande kimoja kutoka bandani kilikuwa gramu 61.80, kikakauka hadi 53.70. Maji gramu 8.10. Nikampa mpwa wangu, anayenunua mahindi Handeni na kuyauza, anipigie asilimia. Akaniambia 13.1. Mimi nikapata 15.1. Tulibishana hadi chai ikapoa. Kumbe wote tuko sawa: watu wa nafaka wanagawa maji kwa uzito wa mzigo ukiwa na maji yake, ndiyo maana wanazungumzia mahindi ya 13.5. Watu wa mbao tunagawa kwa uzito wa mbao iliyokauka kabisa. Ndiyo maana mbao ya msituni inaweza kuwa na asilimia 80 au hata zaidi ya 100 bila mtu kuwa mwongo. Ukisoma namba ya unyevu mahali popote, uliza kwanza imegawanywa kwa nini. Humu ndani nitatumia ya mbao peke yake.

Banda letu basi: 15.1, 14.7, 15.4. Mbao iliyokaa humo miezi kumi na minne. Ingekaa miaka mitano ingekuwa vilevile.

22 Juni

Hapa ndipo nilipoelewa meza, na nitaliandika hili kwa kirefu.

Mbao haikauki mpaka ikaisha maji. Inakauka mpaka ikapatana na hewa iliyoizunguka, basi. Hewa nayo ina uwezo wake wa kubeba mvuke, na uwezo huo unakua kwa kasi joto likipanda. Chumba cha mita moja kwa kila upande, hewa ikiwa nyuzi 20, hubeba gramu 17 hivi za maji halafu inashiba. Kwenye nyuzi 30 hushiba kwa gramu 30. Kwenye 45 hushiba kwa gramu 65. Unyevuanga wanaoutangaza kwa asilimia ni kiasi cha shibe hiyo kilichokwisha kujazwa. Hewa ya Tanga mara nyingi imeshiba robo tatu na zaidi, na mbao iliyokaa ndani yake hutulia kwenye asilimia 14 au 15. Hewa yenye unyevuanga wa 50 huivuta mbao hiyo hiyo hadi 9.

Tuliipeleka meza ikiwa na 15. Sijui bado Dodoma itatulia wapi, lakini tuseme 10. Mtiki uliopasuliwa ubapa hunywea karibu asilimia 0.19 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Tofauti ya 5, upana wa sentimita 90: milimita 8 na ushee. Na sisi tulikuwa tumeikaza meza hiyo kwenye fremu kwa skrubu kumi na mbili. Milimita nane zitafute pa kutokea. Zikatokea katikati.

Nimekata vibao kumi vyembamba vya mtiki, milimita 6 unene, vyote kutoka ubao mmoja. Vitano nimevitundika bandani. Vitano nimevituma kwa basi, mteja atavitundika sebuleni kwake kwa wiki tatu kisha atavifunga nailoni mbili na kunirudishia. Nilitegemea akatae. Akasema, "Lete, mradi ujue."

6 Julai

Vifaa vya kupimia hewa. Nilinunua vipima unyevu vitatu vya kidijitali, 18,000 kila kimoja, vile vidogo vyeupe vinavyouzwa kila duka la simu. Nikaviweka mezani pamoja. Kimoja kinasema 68, kingine 74, kingine 81. Hewa ni moja.

Njia ya kuvisahihisha ni ya bei rahisi hadi unacheka. Chukua chumvi ya mezani, weka kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito wenye chembe za chumvi bado zinaonekana, isiyeyuke yote. Ingiza kifuniko na kipima unyevu ndani ya kopo la plastiki, funga vizuri, acha siku nzima penye joto lisilobadilika. Hewa ndani ya kopo hilo itakuwa na unyevuanga wa 75, iwe Tanga iwe Ulaya. Vyangu vilisoma 67, 74 na 80. Cha kwanza nimekiandikia +8 mgongoni kwa kalamu ya wino, cha pili +1, cha tatu −5. Kosa langu lilikuwa kuweka maji mengi mara ya kwanza, chumvi ikayeyuka yote, nikapata namba za ajabu. Lazima chembe zibaki.

Hata hivyo ndani ya tanuri la jua nitakalojenga la kukaushia mbao sitavitegemea, joto na mvuke vinaviua. Humo nitatumia vipimajoto viwili vya kioo (24,000 vyote viwili). Kimoja kikavu. Cha pili kimevikwa utambi wa pamba, ncha ya utambi imezama kwenye kikopo cha maji. Maji yakitoka kwenye utambi yanapoza kipimajoto, na hewa ikiwa kavu yanatoka haraka zaidi, kwa hiyo pengo kati ya vipimajoto viwili linakuambia kiu ya hewa. Leo saa nane mchana karakanani: kikavu 30, cha utambi 26.5. Jedwali la kugeuza pengo kuwa unyevuanga linasema 76.

Mambo mawili yaliyonipoteza hapa. Nilitumia maji ya kisima, ya chumvi kama unavyojua ya kwetu, na ndani ya siku nne utambi ukawa mgumu kama kiatu na pengo likapungua bila sababu. Sasa natumia maji ya mvua na utambi nabadilisha kila wiki. Pili, hewa lazima ipite kwa kasi kwenye utambi. Ukiutundika kwenye kona iliyotulia, pengo linakuwa dogo kuliko ukweli, na utadhani hewa imelowa kuliko ilivyo.

13 Julai

Vibao vya Dodoma vimerudi. Nimevipima palepale kituoni, mizani juu ya kiti cha bodaboda, watu wakanizunguka wakidhani ni dhahabu. Kisha oveni. Kimoja, kama mfano: gramu 36.30, kavu 32.97, yaani 10.1. Vyote vitano viko kati ya 9.8 na 10.3. Ndugu zao waliobaki bandani: 14.6 kwa wastani.

Na huu ni mwezi wa saba, Dodoma bado kuna baridi ya asubuhi. Mwezi wa kumi itakuwa kavu zaidi. Lengo la tanuri ni 10.

20 Julai

Tanuri limesimama, na limejengwa vibaya.

Kwa ufupi: sanduku la mita 2.5 kwa 2, fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4, kuta za plywood zilizopakwa rangi nyeusi ndani, paa la nailoni ya kitalu nyumba, chini yake bati jeusi la kushika joto, feni mbili zinazokula umeme wa sola moja kwa moja bila betri. Jua likizama feni zinalala, na ndivyo ninavyotaka. Matundu ya hewa manne, mawili mbele na mawili nyuma, yenye vifuniko vya kuteleza. Kanuni niliyoifuata ni mita za mraba 4 za paa kwa kila mita moja ya ujazo wa mbao. Mimi nina 5 kwa mbao za mita za ujazo 0.9, inatosha na kuzidi.

Kosa ni paa. Mchoro niliufuata kama msahafu, na ulichorwa kwa ajili ya Marekani: paa limesimama nyuzi 45, linatazama kusini. Kwao jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na mwezi wa saba jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Paa langu lilikuwa limelipa jua kisogo. Nje nyuzi 29, ndani 33. Mzee wa karakana ya jirani alikuja, akatazama juu, akatazama paa, akaondoka bila kusema kitu. Angesema kitu ingekuwa afadhali.

Nimelifumua. Paa jipya lina mteremko wa nyuzi 10 tu, wa kumwaga mvua, linatazama juu kama kila paa la kwetu linavyopaswa. Gharama ya kurudia: 145,000. Jioni hiyo hiyo ndani palifika 46.

3 Agosti

Mzigo wa kwanza: mbao 70 za mtiki kutoka Longuza, Muheza, zimepasuliwa juzi, urefu mita 2.4, upana sentimita 20, unene milimita 27. Vipande nilivyokata kwenye ncha vina wastani wa 52. Nimepiga hesabu kwa udadisi: kuzishusha mbao hizi hadi 10 ni kutoa maji lita 200 na kitu. Pipa zima. Ukizitazama huwezi kuamini pipa la maji liko humo.

Zimepangwa kwa tabaka, katikati vipande vya papi vya milimita 25, kila sentimita 50, vyote vimekaa mstari mmoja toka chini hadi juu. Ncha za mbao zimepakwa rangi ya mafuta mara mbili, maana maji hukimbilia kutoka nchani na hapo ndipo nyufa huanzia. Juu nimepakia mawe.

Vipande viwili vya sentimita 60 ni vya kupimia, vinakaa kwenye nafasi inayovutika nje bila kuvunja mpango. Hivi ndivyo vinavyonipa habari. Cha kwanza kina uzito wa kilo 2.705 kikiwa na 52, kwa hiyo kikikauka kabisa kitakuwa kilo 1.780, na kikifika 10 kitakuwa 1.960. Nimeandika "1.960" kwa penseli ubavuni. Kila asubuhi ni kukitoa, kukiweka kwenye mizani ya duka (85,000), kukirudisha. Dakika tatu.

Nimefunga matundu yote ili joto lisitoroke.

12 Agosti

Ukungu.

Mweupe, laini kama pamba, kwenye kila ubao wa tabaka za kati. Siku tisa, joto la mchana 47, na kipande cha kupimia kimeshuka kutoka 52 hadi 45 tu. Asubuhi nailoni inatiririka maji ndani, yanadondoka juu ya mbao tuk tuk kama bomba bovu.

Nimekaa na daftari. Saa nane mchana jana: kikavu 47, cha utambi 45. Pengo la nyuzi 2. Unyevuanga 89. Kwenye hewa ya namna hiyo mbao hutulia kwenye 18 hivi. Yaani nimejenga chumba cha moto ambacho mbao ndani yake, hata ikikaa mwaka, itakuwa mbichi kuliko ile iliyoko bandani kwenye kivuli. Joto lilitoa maji kwenye mbao, maji yakakosa mlango, hewa ikashiba ikaacha kunywa.

Mwanzoni mtu huona kila tundu lililo wazi ni joto linalopotea, na mimi nilikuwa hivyo. Kazi ya joto ni kuipanua hewa tumbo. Ikishajaa lazima itoke ije nyingine yenye njaa.

Nimepangusa ukungu kwa brashi kavu na kufungua matundu yote manne hadi mwisho.

16 Agosti

Nimekwenda upande wa pili kupita kiasi.

Ndani ya siku nne kipande kimetoka 45 hadi 31. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu usiku, nikiwa nafunga karakana, nikasikia mlio mdogo kutoka ndani ya tanuri, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti. Halafu mwingine. Asubuhi mbao za ubavuni, zile zinazopokea feni kwanza, zina nyufa nyembamba usoni kama mistari ya kiganja, na kumi na nne kati yake zimepasuka nchani kupita rangi.

Vipimo vya saa nane: kikavu 43, cha utambi 29.5. Unyevuanga 37. Hewa hiyo inautaka uso wa mbao uwe chini ya 7, na ndani ya ubao bado kuna zaidi ya 30. Mbao hainywei mpaka maji yake yashuke chini ya kati ya 25 na 30 hivi. Juu ya hapo maji yanayotoka ni yale yaliyolala kwenye matundu yake tu. Uso ulikuwa umeshuka chini ya mpaka huo na unataka kunywea, tumbo bado limejaa na halisogei. Uso ukachanika.

Mbao kumi na nne kwa 22,000 ni 308,000. Nimezitenga, zitakuwa vibao vya kukatia mboga.

Matundu nimeyarudisha yawe wazi upana wa vidole viwili. Pengo limekuwa nyuzi 6.

25 Agosti

Jambo ambalo nilidhani ni kasoro limegeuka kuwa msaada. Usiku feni zikilala na hewa ikipoa, unyevuanga ndani unapanda hadi karibu na 100. Nilikuwa nataka kununua betri feni zizunguke usiku kucha. Nimeacha. Usiku uso wa mbao unalainika kidogo, maji ya ndani yanausogelea, mvutano unapungua. Tangu nifunge matundu kiasi sijasikia tena mlio wa kijiti.

Kilichobaki kuwa kasoro kweli ni hewa ya feni. Nilipopima, tabaka za juu ziko 22 na za chini 29. Niliwasha udi nikauangalia moshi: unapanda, unapita juu ya mbao, unarudi kwenye feni bila kugusa tabaka za kati. Hewa ni mvivu, hupita palipo wazi. Turubai kuukuu limening'inizwa kutoka paani hadi juu ya mbao, na jingine limeziba ubavuni. Sasa moshi wa udi unaingia katikati ya mbao na kutokea upande wa pili. Gharama: sifuri, na karakana inanukia.

14 hadi 18 Septemba

Tarehe 14 kipande cha kupimia kilisoma 1.960 na nilikuwa tayari kupakua. Rafiki alikuwa amenikopesha kipima unyevu cha sindano, nacho kikasema 9. Bahati nzuri nilikata ubao mmoja ili nijiridhishe. Nilichana uso na tumbo mbalimbali, nikaviweka kwenye oveni: uso 7.6, tumbo 13.9. Wastani ni mzuri, ubao si mzuri. Sindano fupi zinasoma pale zinapofika tu, na hazifiki tumboni.

Kisha nikafanya jaribio la uma. Unakata kipande chembamba kukingama ubao, unatoa sehemu ya katikati kwa msumeno, zinabaki pande mbili kama meno ya uma. Meno yangu yaliinamiana mpaka yakagusana. Maana yake mvutano umejifungia ndani. Ukiupasua ubao huo kwa msumeno wa mashine, vipande vitajipinda palepale mezani.

Dawa ni kuurudishia uso maji kidogo kwa makusudi. Saa tano nilitundika magunia matatu yaliyolowa ndani ya tanuri, nikafunga matundu. Mchana: kikavu 44, cha utambi 40, unyevuanga 78, hewa inayoivuta mbao kwenye 14 hivi, juu ya lengo kwa 4. Nimefanya hivyo alasiri mbili, kisha siku tatu za kawaida. Uma wa pili meno yamesimama karibu sawa.

Mbao 56 zimetoka salama. Rangi ya ukungu imebaki kwenye chache, randa imeitoa.

18 Septemba hadi 26 Oktoba

Mzigo wa pili, mbao 70, kutoka 50. Safari hii niliongoza kwa pengo peke yake, joto sikulijali lifike wapi. Mbao ikiwa juu ya 35, pengo la mchana nyuzi 4. Kati ya 35 na 25, nyuzi 6. Hadi 20, nyuzi 8. Chini ya hapo 12 na zaidi. Kijana wangu wa karakana ndiye anayesogeza vifuniko, amechora alama za penseli kwenye reli na sasa ananizuia mimi nisiguse.

Siku za mvua za vuli tanuri lilisimama. Siku tano mfululizo uzito haukushuka hata gramu 5. Hakuna la kufanya, hewa inayoingia imelowa na jua la kuipasha halipo. Mbao mbili zimepasuka kati ya 70.

Matumizi yote hadi hapa: vifaa vya kupimia na mizani 208,000; fremu 310,000; nailoni 240,000; bati na rangi 190,000; plywood 228,000; feni, sola na nyaya 380,000; vibarua 180,000; kurudia paa 145,000; mbao za mzigo wa kwanza zilizopasuka 308,000. Jumla 2,189,000. Meza ya Dodoma tunaitengeneza upya bure, hiyo sijaihesabu.

2 Novemba

Mbao za mzigo wa kwanza, zile za Septemba, nilizipanga bandani nikisubiri nafasi. Leo nimepima kabla ya kuziunga: 12.4. Wiki sita tu bandani na hewa ya Tanga imezirudisha nusu ya safari. Nilijua kanuni hii tangu Juni, nimeiandika humu kwa mkono wangu, na bado nimezipanga bandani.

Zimerudi tanurini siku sita. Kuanzia sasa mbao iliyokauka inafungwa nailoni siku inayotoka, au inabaki tanurini matundu yakiwa yamezibwa, na ikifunguliwa kazi yake inaisha ndani ya wiki. Meza nayo inapakwa vanishi pande zote, na chini kusikoonekana pia, ili isinywe kwa upande mmoja ikajikunja.

16 Novemba

Meza imekwenda. Juu haijakazwa kwa skrubu. Imeshikwa na vishikizo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji wa fremu, milimita 6 za kuchezea kila upande. Nimeandika kwa penseli chini yake: *upana 900, unyevu 10.0*.

Mteja alikuwa ametundika vibao vingine vitano tangu Oktoba, bila mimi kumwomba, akampa dereva avirudishe. Vimesoma 8.8. Tofauti na meza ni 1.2, kwa hiyo nilimwambia baada ya wiki chache apime upana, atakuta imepungua milimita 2. Amesema futi anayo.

Tanurini sasa kuna mkongo wa milimita 50, wa vitanda. Mbao nene namna hii sijawahi kukausha humu. Nimeanza na pengo la nyuzi 2, na kijana amenyang'anya funguo za vifuniko.